Ni Nani Amemsikiliza Mtoto?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 21:9–20, Yn. 7:50, 51, 1 Sam. 1:9–18, 1 Sam. 3:1–18, Mk. 9:14–29; 2 Sam. 13:1–22, Ayu. 2:11–13.

Fungu la Kukariri: Mithali 18:13. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti, kisha ujiulize ni lini mara ya mwisho ulipolivunja mbele ya mtoto.

Jioni moja ya msimu wa kuvuna alizeti hapa Mtinko, kaskazini mwa mji wa Singida, mama mmoja mjane alikuja nyumbani kwangu akiwa na mwanawe wa darasa la tano. "Shikamoo, mzee," mtoto alisema, macho yakiwa chini. Mama akaeleza shida yake. Mtoto anatoroka shule. Kila siku ifikapo mapumziko ya saa nne haonekani tena. Amechapwa shuleni, amechapwa na mjomba wake, wala hajabadilika. "Mzee," akasema, "mwombee huyu mtoto. Mimi nimeshindwa."

Niliomba. Kisha nikamsomea mtoto mafungu matatu juu ya utii, nikamwuliza kama ameelewa. Akajibu, "Ndiyo, mzee." Wakaondoka. Yote hayo hayakuchukua hata nusu saa, nami nililala nikiamini kwamba nimefanya kazi ya Mungu.

Miezi kadhaa baadaye, mama mmoja aliyesomea ushauri nasaha alikuja kuwatembelea ndugu zake jirani yetu. Mama wa mtoto alimweleza habari ile ile. Yeye hakuomba kwanza, wala hakufundisha. Aliketi chini ya mti pamoja na mtoto, wakawa wanapukuchua mahindi, na baada ya muda mrefu akamwuliza, "Ukitoka shuleni, unakwenda wapi?" Mtoto akajibu, "Nyumbani." "Ukifika unafanya nini?" "Ninamwangalia mama. Nikimwona, ninakaa nyuma ya nyumba."

Baba yake alifariki siku ya masomo, mtoto akiwa darasani. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani. Tangu siku ile alikuwa akienda kuhakikisha kama mama yake bado yu hai.

Mwalimu, mjomba na mimi, mzee wa kanisa, sote tulimjibu mtoto ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa amemwuliza. Juma hili tunajiuliza: Je, kumsikiliza mtoto ni hisani ambayo mtu mzima huitoa akipenda, au ni deni analodaiwa? Na kama ni deni, ni nani anayefaa kulilipa, na kwa njia gani?

JUMAPILI
Sauti Iliyosikiwa Jangwani

Soma Mwanzo 21:9–20. Katika fungu la 16 ni nani anayelia? Katika fungu la 17, ni sauti ya nani ambayo Mungu anaisikia?

Hajiri hakuwa mama mbaya. Maji yalikuwa yamekwisha, naye alimweka kijana chini ya kijiti akaenda kuketi mbali, kwa sababu hakuweza kumtazama akifa. Wazazi wengi hufanya hivyo hata leo. Maumivu ya mtoto wasiyoweza kuyatazama huyaweka mbali, na umbali huo tunauita "tabia mbaya" au "ukaidi".

Mama ndiye aliyepaza sauti. Hata hivyo Maandiko yanasema kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana, na aliisikia pale pale alipokuwa. Jina lake Ishmaeli lina maana kwamba Mungu husikia. Tena, huyu ni kijana aliyefukuzwa nyumbani akiwa na shtaka juu yake (fungu la 9). Mungu hakungoja shtaka lile lifutwe kwanza ndipo amsikie.

Wengine watapinga. Watasema mtoto hana hekima ya kutuambia lolote, na kwamba tukimsikiliza tutamjaza kiburi. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa maana mtoto anahitaji kuongozwa. Lakini kusikiliza si kukubali. Katika Yohana 7:50, 51 Nikodemo aliwakumbusha wakuu kwamba torati haimhukumu mtu kabla ya kumsikia. Kama mwizi wa mifugo hupewa nafasi ya kujieleza mbele ya hakimu, kwa haki gani tumnyime nafasi hiyo mtoto wa miaka 11? Udogo wake haupunguzi deni letu. Unaliongeza, kwa sababu hana pengine pa kukata rufaa.

Angalia pia kwamba Mungu hakumchukua kijana na kumwacha mama. Alimwuliza Hajiri ana nini, akamwambia amwinue kijana na kumshika mkononi, kisha akamfumbua macho akakiona kisima. Mtoto alisikiwa, naye akarudishwa katika mkono wa mama yake. Yeyote anayetaka kuzisaidia familia anapaswa kushika mambo haya mawili pamoja.

*Ni mtoto gani katika familia yako au kanisa lako ambaye shtaka lake unalijua vizuri kuliko unavyoijua sauti yake?*

JUMATATU
Historia ya Anayesikiliza

Soma 1 Samweli 1:9–18 na 1 Samweli 3:1–18. Eli alifanya kosa gani mbele ya Hana? Alifanya nini tofauti mbele ya Samweli?

Hakuna anayeketi mbele ya mtoto akiwa mtupu. Kila mmoja huja na historia yake. Eli alipomwona Hana midomo ikicheza bila sauti, alimjibu kabla ya kumsikia, akamdhania amelewa. Hana alipojieleza, kuhani alibadili maneno yake na kumbariki. Eli huyu huyu alishindwa kuwazuia wanawe mwenyewe (1 Sam. 3:13). Kama angeomba kazi ya kuwashauri watoto, je, kanisa letu lingemkubali?

Lakini usiku ule mtoto Samweli alipomkimbilia mara tatu, Eli hakumfokea kwa kumkatiza usingizi. Polepole alitambua kwamba kuna sauti inayosema na mtoto, ambayo yeye mwenyewe haisikii, akamfundisha namna ya kuiitikia. Asubuhi alimtaka amwambie yote, na alipoambiwa habari nzito za hukumu juu ya nyumba yake, aliipokea bila kumwadhibu mjumbe.

Basi historia yenye makosa haimzuii mtu kumsikiliza mtoto, wala historia yenye maumivu haitoshi kumfanya afae. Mimi nililelewa kwa fimbo. Wengi wa rika langu husema, "Tulichapwa, tukawa watu." Mtoto yule alipoketi mbele yangu, sikumwona yeye. Nilijiona mimi mwenyewe nikiwa mtoro, nikampa dawa niliyopewa mimi. Historia yangu ndiyo iliyosema usiku ule.

Yule mama mshauri naye alifiwa na baba yake akiwa mdogo. Nilimwuliza kwa nini hakumweleza mtoto habari hizo, ili ajue kwamba hayuko peke yake. Alinijibu, "Mzee, ningemweleza, angeanza kunihurumia mimi. Msiba ule wangu ulinifundisha kwamba mtoto anaweza kulia bila machozi. Ukishanifundisha hivyo, kazi yake imekwisha." Aliongeza kwamba masomo yalimsaidia kutofautisha kilio cha mtoto na kilio chake mwenyewe. Hii ndiyo faida ya mafunzo. Nchini kwetu Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa mwaka 1973, imewaandaa watu kwa kazi kama hiyo. Moyo wa upendo hauondoi haja ya kujifunza, kama vile upendo wa mama hauondoi haja ya mkunga.

*Ni jambo gani la utoto wako ambalo husema kwa kinywa chako unapomkemea mtoto?*

JUMANNE
"Tangu Lini?"

Soma Marko 9:14–29. Yesu alimwuliza baba wa kijana swali gani kabla ya kumponya? Kwa nini Yeye ajuaye yote aulize?

Umati ulikuwa ukikusanyika mbio, waandishi wanabishana na wanafunzi, na mtoto anagaagaa chini. Katikati ya kelele hizo Yesu aliuliza jambo hili limempata tangu lini. Hakuhitaji habari. Baba ndiye aliyehitaji kusema. Alipoeleza miaka ya moto na maji, ndipo shida nyingine ilipojitokeza: imani yake mwenyewe ilikuwa imechoka. Mtoto aliletwa kwa ajili ya uponyaji, na baba naye akaonekana kuwa mgonjwa. Mwokozi alishughulika na wote wawili.

Washauri wanaofanya kazi na watoto hufuata njia inayofanana na hii. Hawaanzi na kosa, bali huanza na maisha: mtoto analala wapi, anakula na nani, ni nani amehama, ni nani amekufa, mambo yalibadilika lini. Humsikiliza mzazi peke yake, mtoto peke yake, kisha wote pamoja, kwa kuwa kila mmoja ana sehemu ya habari. Mara nyingi anayeletwa kama mgonjwa ndiye anayebeba wazi kile ambacho nyumba nzima inakibeba kwa siri.

Mtoto hasemi kama mtu mzima. Ukimkalisha kwenye kiti mbele ya wazee watatu, atajibu "ndiyo" kwa kila kitu. Mpe kijiti achore familia yake mchangani, kisha umwulize kila mmoja amesimama wapi na kwa nini. Keti usawa wake. Fanya naye kazi ya mikono, kwa kuwa macho yakiwa kwenye kazi ulimi hulegea. Mwache atumie lugha anayolilia. Hapa kwetu watoto wengi husoma kwa Kiswahili, lakini huomboleza kwa Kinyaturu. Nami nilikuwa nimemwuliza mtoto yule swali moja tu, tena la darasani: "Umeelewa?"

Baada ya mazungumzo yale, mshauri alimwita mama. Ilibainika kwamba mama hakuwahi kumweleza mwanawe baba alikufaje. Alidhani kunyamaza ni kumlinda. Mtoto, kwa kukosa maelezo, alijitengenezea yake: kwamba mzazi hufa pale mtoto asipokuwepo. Hakuna fimbo inayoweza kuling'oa wazo la namna hiyo. Linaondoka tu pale linaposemwa na kujibiwa kwa upole, tena mara nyingi.

*Andika maswali matatu ambayo ungemwuliza mtoto mtoro kabla ya kumpa ushauri wowote.*

JUMATANO
Faraja Katika Nshamba na Moshi

Soma Ayubu 2:11–13. Marafiki wa Ayubu walifanya nini kwa siku saba? Ni lini walipoanza kumwumiza?

Huenda mtu akasema, "Sisi tuko kijijini. Hatuna wataalamu. Kazi hii ni ya mjini." Historia ya nchi yetu inatupa jibu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia miaka ya 1990 mkoa ule ulikuwa na yatima wengi mno. Misaada ilikuja kama chakula, sare na madaftari. Katika Nshamba, wilayani Muleba, ulianzishwa mradi ulioitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya faraja. Mswisi Kurt Madörin na wenzake waliona kwamba mtoto aliyeshiba na mwenye sare bado anaweza kuwa na msiba usiozikwa. Waliwafunza walimu wa shule za msingi kuutambua huzuni wa mtoto, maana mtoto mwenye msiba mara nyingi huonekana darasani kama mvivu, mtukutu au bubu. Yatima wenyewe wakaunda umoja wao, Vijana Simama Imara, wakisaidiana wao kwa wao. Uzoefu wa Nshamba ulisaidia kuzaa kazi ya namna hiyo katika nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika.

Baadaye, huko Moshi na katika eneo la Bungoma nchini Kenya, watafiti walifuatilia watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Nusu yao walipewa tiba ya mazungumzo katika vikundi kwa majuma 12, huku walezi wao wakikutana katika vikundi vyao sambamba. Walioongoza hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwishoni mwa tiba, katika sehemu tatu kati ya nne, watoto hao walikuwa wamepata nafuu kuliko wale waliopata huduma za kawaida tu.

Tujifunze mambo mawili hapa. La kwanza, mtu wa kijijini anaweza kufanya kazi hii. La pili, hakuifanya bila kufunzwa, wala hakuifanya peke yake. Marafiki wa Ayubu walikuwa na moyo wa kuja, na siku saba walinyamaza vizuri. Walikosea walipodhani kwamba kuja kwao kumewapa haki ya kueleza sababu ya msiba.

*Kanisa lako lina nani aliyefunzwa kuwasikiliza watoto? Kama hakuna, nani angeweza kutumwa kujifunza?*

ALHAMISI
Siri ya Nani?

Soma 2 Samweli 13:1–22. Absalomu alimwambia Tamari afanye nini baada ya kutendewa uovu? Daudi alifanya nini baada ya kusikia?

Hapa tunafika penye ugumu. Tumesema kwamba mtoto anadaiwa kusikilizwa. Je, akituambia jambo la kutisha, tulitunze moyoni?

Tamari hakunyamaza mwenyewe. Alijipaka majivu, akararua vazi lake, akaenda akilia kwa sauti. Nyumba yake ndiyo iliyomnyamazisha, kwa sababu mkosaji alikuwa ndugu. Daudi alikasirika sana, lakini hakufanya lolote. Hasira isiyozaa tendo haikumlinda binti yake. Miaka miwili baadaye ikazaa mauaji.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini, na mvulana mmoja kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kundi lolote la watoto wanaoketi mbele yetu siku ya Sabato, tusidhani kwamba jambo hili liko mbali.

Kwa hiyo tutofautishe siri na ukimya. Siri ya mtoto ni ile inayomlinda yeye: kwamba anakojoa kitandani, kwamba analia usiku. Hiyo si ya kupelekwa kwenye baraza la kanisa wala kuombewa hadharani kwa jina. Ukimya ni ule unaomlinda anayemwumiza. Huo si siri ya mtoto hata kidogo, hata kama ameapishwa kuutunza.

Ndiyo maana mshauri mwenye busara hamwahidi mtoto mapema, "Sitamwambia mtu." Humwambia, "Mengi utakayoniambia yatabaki hapa. Lakini nikijua kwamba mtu anakuumiza, nitatafuta msaada, nawe nitakuambia kabla sijafanya hivyo." Ahadi hii ni ndogo, lakini inaweza kutimizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke kwa serikali ya mtaa au kijiji. Yuko afisa ustawi wa jamii, yako madawati ya jinsia na watoto ya polisi, na iko simu ya 116. Wazee wa kanisa hawana mamlaka ya kumaliza jambo la namna hii kwa kikao na toba. Msamaha wa Mungu uko wazi kwa mkosaji, lakini hautolewi kwa kumtumia mtoto kama malipo.

*Kwa nini ni rahisi kwetu kulinda jina la familia au la kanisa kuliko kumlinda mtoto? Ni nini kingebadilika kama tungeamini kwamba Mungu amekwisha kuisikia sauti yake?*

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, Ellen G. White anaeleza utaratibu aliofuata Kristo. Alichangamana na watu akiwatakia mema, akawahurumia, akawatimizia mahitaji, akapata imani yao, kisha ndipo akawaita wamfuate. Mara nyingi tunautaja utaratibu huu tunapopanga mahubiri ya hadhara. Je, tumewahi kuufuata mbele ya mtoto? Mimi nilianza na wito wa mwisho, nikaziruka hatua zote zilizotangulia.

Nirudi kwa mtoto yule. Mama yake alimweleza jinsi baba alivyokufa, nao wakalia pamoja kwa mara ya kwanza. Wakapatana kwamba kila asubuhi mama atamwambia atakuwa wapi siku hiyo, shambani au mnadani, na saa ngapi atarudi. Mjomba aliweka fimbo chini. Utoro haukuisha mara moja. Kuna juma alitoroka mara mbili, kuna juma hakutoroka kabisa.

Nami nilikwenda kwao. Kwa desturi yetu mzee haombi radhi kwa mtoto, na njiani nilijitafutia sababu nyingi za kurudi nyumbani. Nilimwambia, "Mwanangu, siku ile nilikujibu kabla sijakusikia. Nisamehe." Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Sawa, babu," akasema. Kisha akaniuliza kama ninataka kuona mahali nyuma ya nyumba alipokuwa akikaa. Tukaenda, nikaketi naye pale. Sikusoma fungu lolote.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, mtoto ana haki ya kusikilizwa kabla ya kurudiwa, au haki hiyo inategemea tabia yake? Tetea jibu lako kwa Maandiko.

2. Mwanzo 21 inamrudisha kijana mkononi mwa mama yake. Lakini kuna nyumba ambamo mkono wa mzazi ndio unaoumiza. Anayesaidia afanye nini hapo? Tutatambuaje tofauti?

3. Mtu aliyeumizwa utotoni anawezaje kuwahudumia watoto bila kuyaweka maumivu yake juu yao?

4. Wengine husema, "Tulichapwa, tukawa watu." Jadilini maneno haya kwa unyofu. Ni nini kilicho kweli ndani yake? Ni nini ambacho hayasemi?

5. Mzazi anakuja kwako Sabato hii akisema, "Mwombee mtoto huyu, amenishinda." Elezeni hatua kwa hatua mtakachofanya. Maombi yaingie wapi, na masikio yaingie wapi?